Barua kwa mwanangu anayetaka kutengeneza taa

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Arusha hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia na duka linakwenda. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na baba yako naye ameusikia. Unasema unataka kuacha kazi hapo Kariakoo, urudi nyumbani, upange chumba kimoja Unga Limited na uanze kutengeneza taa za kuchaji kwa ajili ya wauza chipsi, mama lishe na wenye vibanda wanaofanya biashara usiku. Kisha ukamalizia, "Mama, hata Matsushita alianza na chumba kimoja." Nimeona nikujibu kwa barua. Jambo lenyewe ni kubwa kuliko la kuongelea kwenye simu wateja wakiwa wananisubiri, na ningependa uwe na kitu cha kusoma tena siku kazi itakapokuwa ngumu.

Huyo mtu namfahamu, ni yule Mjapani aliyeanzisha kampuni ya National, ambayo siku hizi inaitwa Panasonic. Nyumbani kwa babu yako tulikuwa na redio ya National, na betri zilizoingia humo zilikuwa za National pia, zikitoka Dar es Salaam kwenye kiwanda ambacho kampuni yake ilikianzisha miaka ya 1960. Taarifa ya habari ya RTD, Redio Tanzania Dar es Salaam, tuliipata humo. Nilipoanza kuuza vifaa vya umeme ndipo nikataka kujua nani aliyekuwa nyuma ya jina lile, na tangu hapo kila nilipokutana na habari za Konosuke Matsushita nimezisoma. Kwa hiyo umenitajia mtu ninayempenda. Ila wewe unamtazama kwa jicho la fundi, mimi namtazama kwa jicho la mwenye duka, na maisha yake yana mambo ambayo ukiwa kaunta ndiyo unayaelewa vizuri.

Alizaliwa mwaka 1894 kijiji cha Wasa, mkoa wa Wakayama, kitinda mimba katika watoto wanane. Baba yake alikuwa na mashamba, akayapoteza kwa kucheza na bei ya mchele. Mtoto akaachishwa shule akiwa na miaka 9, mama yake akamsindikiza stesheni, akapanda treni kwenda Osaka kutumika kwenye duka la majiko ya mkaa. Baadaye akahamia duka la baiskeli. Wapo wanaosimulia umaskini huo kama vile ndio uliomtajirisha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Umaskini ulimnyima shule, ndugu zake karibu wote walikufa mapema, na yeye mwenyewe aliishi akisumbuliwa na mapafu. Wewe una cheti cha Chuo cha Ufundi Arusha. Tulikitafuta kwa jasho, baba yako na mimi, na sitaki nikusikie tena ukisema shule haina maana kwa sababu fulani alifanikiwa bila shule.

Akiwa kijana aliona tramu za umeme zikipita Osaka, akaamua kwamba baiskeli basi, yeye atakwenda kwenye umeme. Mwaka 1910 akaajiriwa na kampuni ya umeme ya mji ule, akawa anafunga nyaya kwenye nyumba za watu. Alipofika miaka 22 alikuwa mkaguzi, kazi nyepesi yenye heshima. Alikuwa amebuni soketi yake, akamwonyesha bosi, bosi akasema haifai. Mwaka 1917 akaacha kazi.

Hapo ndipo wewe unapopapenda, najua. Sasa sikiliza yaliyofuata. Akiba yake haikufika yeni 100. Walikuwa yeye, mke wake Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa kijana wa miaka 14, na wenzake wawili kutoka kazini. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vidogo, na sehemu ya kulala wakaifanya karakana. Hakuna hata mmoja aliyejua ule mchanganyiko wa kuzuia umeme unaozunguka soketi unapikwaje, ikabidi wauulizeulize mitaani. Miezi ikapita. Soketi zilipokamilika, wakazunguka nazo Osaka nzima, wakauza kama mia moja tu na kupata yeni zisizofika kumi. Wale wenzake wawili wakaaga, maana nao walikuwa na familia. Siwalaumu.

Walibaki watatu, na chakula kilipatikana kwa sababu Mumeno alikuwa akipeleka nguo zake moja moja kuweka rehani. Video nyingi zinamtaja kwa sentensi moja, kisha zinarudi kwa mumewe. Mwanamke yule alikuwa mhasibu, mpishi, mpakiaji wa mizigo, na baadaye mlezi wa vijana wa kazi waliolala na kula humo humo ndani. Na mtoto wao wa kiume alifariki akiwa bado mchanga, wakati kampuni imeanza kusimama. Mimi nikisoma habari za kiwanda kile nauona mkono wake kila mahali. Nakuambia hivi kwa sababu umesema utafanya kazi peke yako ili usigawane na mtu. Tafuta mtu, mwanangu. Awe rafiki yako wa chuo, awe binamu yako, lakini apatikane mtu atakayeshika daftari wakati wewe umeshika pasi ya kuchomelea. Mali bila daftari huisha bila habari, na nyie mafundi daftari ni la mwisho kulikumbuka.

Soketi haikuwaokoa. Mwishoni mwa mwaka ule kampuni moja ya kutengeneza feni ikawaagiza vitako 1,000 vya kuzuia umeme, vikitengenezwa kwa ule mchanganyiko waliokwisha kujifunza kuupika. Havikuwa na jina lake wala sifa yoyote, ila walilipwa. Kwa fedha hiyo, tarehe 7 Machi 1918, akafungua karakana rasmi. Akaanza na plagi ya kuchomeka kwenye holda ya taa, akitumia vichwa vya globu kuukuu ili bei ishuke. Ikafuata soketi ya kuunganisha vitu viwili, kwa sababu nyumba nyingi za Japani siku hizo zilikuwa na sehemu moja tu ya kupata umeme, ile ya taa, na mtu akitaka kupiga pasi jioni ilibidi akae gizani. Nakumbuka ulivyoniambia kwamba unatumia seli za betri za kompyuta kuukuu, ukaongea kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. Si aibu. Pima kila seli, tupa zilizochoka, na mnunuzi ajue ananunua nini.

Sasa nije kwenye taa ya baiskeli, ambayo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1923 wapanda baiskeli wa Japani walitumia taa za mshumaa zilizozimwa na upepo, au za betri zilizodumu saa mbili tatu na kufa. Matsushita alikuwa mtoto wa duka la baiskeli, hilo alilijua kwa kuliishi. Alitumia miezi sita akijaribu umbo moja baada ya jingine, mpaka akapata taa yenye umbo la risasi iliyowaka saa 30 hadi 40 kwa betri zile zile. Akazipeleka kwa wauzaji wa jumla, akijua watazigombea. Wakakataa. Kila alikokwenda walikataa. Taa zikarundikana karakanani, na betri ukiziweka zinakufa zenyewe.

Vijana mnaposimulia hapa mnasema wale wafanyabiashara walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga, mwanangu. Walikuwa wameshauza taa za betri kabla yake, zikawafia wateja njiani, na wateja wakarudi kugomba. Mteja hamgombezi mtengenezaji, kwa sababu hamjui wala hajui anakaa wapi. Anamgombeza aliyemkabidhi kitu mkononi na kupokea hela yake. Mimi niliwahi kuletewa ekstensheni na msambazaji mmoja, maneno matamu, maboksi yanang'aa. Ndani ya wiki mbili zikaanza kurudi, moja plastiki imeyeyuka, na mama aliyeirudisha aliniwekea juu ya kaunta bila kusema neno. Nilimrudishia hela yake. Msambazaji simu hakupokea tena. Yule mama ni jirani, tunasali kanisa moja. Ndiyo maana mtu akija dukani kwangu na kitu kipya namuuliza maswali mpaka anachoka.

Angalia basi Matsushita alichofanya. Aliwaruka wauzaji wa jumla, akatuma watu wapite duka kwa duka, maduka ya baiskeli ya Osaka. Kila duka waliacha taa mbili au tatu bila kudai hata senti. Moja wakaiwasha pale pale na kumwambia mwenye duka aiache iwake, ahesabu saa mwenyewe. Ikidumu kama tulivyosema, uza hizo nyingine na utulipe. Isipodumu, usitulipe. Kwa lugha ya hapa kwetu, aliwapa mali kauli. Kuna hatari kubwa humo, wangeweza kumlia taa zote. Lakini taa iliwaka usiku, ikawaka kesho yake, mwenye duka akiitazama kila akipita, na wateja wakiuliza mbona hiyo haizimi. Baada ya muda maduka yakaanza kuagiza yenyewe, na wale wauzaji wa jumla waliokataa wakalazimika kumtafuta.

Wewe umekulia dukani, umeniona. Mteja akitaka globu naitoa kwenye boksi, naichomeka kwenye ile holda iliyofungwa pembeni ya kaunta, inawaka, anaiona kwa macho yake, ndipo naifunga kwenye gazeti na kupokea hela. Hata awe na haraka kiasi gani. Wakati mwingine anasema, "Mama, nakuamini, nipe tu," nami naichomeka vilevile. Taa yako nayo ipite hapo. Usiniletee picha za simu wala maelezo ya wati. Niletee taa, niiwashe saa 12 jioni duka likiwa wazi, niione bado inawaka saa 6 usiku baba yako akienda kufunga geti, na nione kesho imechukua muda gani kujaa chaji.

Na fikiria anayeinunua. Kaka wa chipsi hapa kona ya kwetu Ngarenaro anawasha jiko saa 11 jioni na kuzima saa 7 usiku. Taa yake inaning'inia juu ya mafuta yanayochemka. Inapata mvuke, inapata chumvi, inapata mikono yenye mafuta, na siku za mvua za masika inanyeshewa. Ikizima katikati ya usiku anapoteza wateja wa saa ile ambayo ndiyo yenye hela. Yeye hajali taa yako ina rangi gani. Anataka kujua itafika saa 7 au haitafika, na ikiharibika ataipeleka wapi na atalipa kiasi gani. Ukiniambia waranti ni miezi sita, waranti hiyo niishike mimi dukani, kwa maandishi yako, na ukiletewa mbovu ubadilishe siku hiyo hiyo. Mambo ya viwango vya TBS, Shirika la Viwango, nenda uyaulize mapema, na pita SIDO, wale wa kusaidia viwanda vidogo, hapa mjini uongee nao kabla hujanunua hata waya.

Baada ya taa ile, mambo yalimnyookea kwa kiasi. Jina la National alianza kulitumia mwaka 1927 kwenye taa ya mkononi, na safari hiyo alitoa taa 10,000 za bure ili watu wazijaribu. Mwaka 1931 akaingia kwenye redio. Ilipoonekana kwamba kuna mtu anashikilia hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, iliyokuwa ikiwakwamisha watengenezaji wote wa redio, Matsushita akainunua kisha akaiachia wenzake waitumie bure, wakiwemo washindani wake. Hilo nalistahi sana. Yaliyotokea wakati wa vita siyapendi. Kampuni yake ilitengeneza vifaa vya jeshi, mpaka meli na ndege za mbao, na vita vilipokwisha Wamarekani walimzuia kuongoza. Kilichomrudisha ni wafanyakazi wake wenyewe, chama chao kikakusanya saini maelfu kuomba aachwe kazini. Ni nadra kusikia chama cha wafanyakazi kikimwombea bosi.

Ukitaka kujua kwa nini walimwombea, rudi nyuma mwisho wa mwaka 1929. Uchumi wa dunia ulianguka, mauzo yakashuka nusu, maghala yakajaa. Yeye alikuwa kitandani mgonjwa. Wasaidizi wake wakaja na pendekezo la kupunguza nusu ya wafanyakazi. Akakataa. Akaagiza uzalishaji upunguzwe nusu, watu wa kiwandani wafanye kazi nusu siku kwa mshahara uleule, na wote, hata siku za mapumziko, wasaidie kuuza kilichomo ghalani. Ndani ya miezi miwili au mitatu ghala likawa tupu. Wewe bado huna mfanyakazi hata mmoja. Lakini siku utakapomchukua kijana wa kwanza kutoka mtaani, jua kwamba mama yake naye anaingoja ile hela.

Kuna jambo moja nalipenda kwa sababu linatugusa sisi wa Arusha. Kila ukipanda daladala barabara ya Moshi, konda anaita "Philips!" na watu wanashuka. Hapo kilikuwepo kiwanda cha Philips cha kuunganisha redio. Basi mwaka 1952 Matsushita aliingia ubia na Philips hao hao wa Uholanzi, kwa sababu baada ya vita Japani ilikuwa imeachwa nyuma kiteknolojia. Waholanzi wakataka ada ya utaalamu ya asilimia 7. Akawaambia, sawa, mnao utaalamu, lakini uendeshaji wa kiwanda ni wetu, nao una thamani yake. Wakavutana. Mwisho Philips wakakubali asilimia 4.5, nao ubia ukawa unamlipa yeye asilimia 3 kwa uendeshaji. Mtu aliyeacha shule na miaka 9 alijua kutaja bei ya kazi yake mbele ya wakubwa. Wewe ukija kuniuzia taa usinipunguzie bei kwa sababu mimi ni mama yako. Hesabu vifaa, hesabu saa zako, hesabu nauli, weka na faida yako, ndipo unitajie bei ya jumla.

Sasa nije kwenye lile la mkutano wa Atami, huko huko Japani. Julai 1964, alikuwa ameshang'atuka kwenye urais wa kampuni tangu 1961 na kubaki mwenyekiti, umri unakaribia 70, tajiri kupindukia. Mauzo yakawa mabaya, akawaita wasambazaji wote mjini Atami. Kampuni zilizouza bidhaa zake zilikuwa kama 170, na zilizopata faida zilikuwa ishirini na kitu tu. Siku tatu walimwambia yaliyowakaa moyoni, kwamba wanasukumiwa mzigo wasioweza kuuuza, kwamba wanazama kwenye madeni. Mwanzoni alijibishana nao, akawaambia wanaopata hasara wajiangalie wenyewe. Siku ya mwisho akasimama akiwa na maneno mengine. Alikumbuka enzi zile alipokuwa akizunguka na globu zake ambazo bado hazijafikia za daraja la kwanza, akiwaomba wenye maduka waziuze kwa bei ya daraja la kwanza ili apate nguvu ya kuziboresha, nao wakakubali kwa sababu walimwamini. Akawaambia kosa ni letu, tumewasahau. Akainama kuomba radhi huku machozi yakimtoka, na waliokuwa mbele yake nao wakalia. Kisha hakuishia kwenye machozi. Mzee yule alirudi ofisini, akakaimu ukuu wa idara ya mauzo mwenyewe, akabadilisha utaratibu mzima wa kusambaza mpaka maduka yakapumua.

Nimekaa kaunta miaka mingi na hakuna mtengenezaji aliyewahi kuniuliza mzigo wake umeniletea faida au hasara. Wanauliza umebaki mzigo kiasi gani, na nitalipa lini. Wewe uwe wa kwanza, mwanangu. Kila mwisho wa mwezi pita kwa kila aliyechukua taa zako umuulize zimemfaa vipi, na akikwambia zimemtesa usijitetee, andika. Matsushita alifariki mwaka 1989 akiwa na miaka 94. Ningekuwa na uwezo wa kumuuliza jambo moja, ningemuuliza kuhusu siku zile tatu kabla ya kumuuliza kuhusu mabilioni.

Kuhusu fedha. Baba yako alikuwa tayari kuuza kile kiwanja cha Usa River. Nimemkatalia, na ameelewa. Kiwanja kibaki. Mgao wangu wa kikoba unatoka Desemba, nusu yake ni yako, na nitauandika kama mkopo usio na riba ili nawe ujifunze kulipa. Chumba cha Unga Limited usipange. Stoo ya nyuma ya duka ina dirisha na ina umeme. Baba yako amesema ataihamisha ile mizigo ya mabomba na kukufungia meza ya kazi, na humo hutalipa kodi.

Kazi usiache mwezi huu. Mwambie bosi wako mapema na kwa heshima, mpe muda wa kutafuta mtu, maana hapo Kariakoo utarudi kununua vifaa na utamhitaji. Wakati huohuo tengeneza taa tano jioni baada ya kazi na uzitume kwa basi, uzifunge vizuri, andika namba yangu juu ya boksi. Moja itawaka hapa kaunta. Tatu nitampa kaka wa chipsi, mama wa uji wa stendi na yule kijana wa matunda Kilombero, wote nimeshaongea nao, na kila mmoja ana kikaratasi cha kuandika saa taa ilipowashwa na saa ilipozima. Ya tano baba yako anataka kuifungua aone ulivyochomelea ndani. Usikasirike akikupigia simu.

Shangazi yako wa Moshi anakusalimu. Kula vizuri.

Ni mimi, mama yako.